Kigoda

Karani Chilumba alikuwa na madaftari mawili.
La kwanza la korosho: magunia, uzito, unyevu,
jina la mkulima na dole gumba lake.
La pili ni hilohilo, ukianzia nyuma.

Huko nyuma aliwaandika wenye Kigoda,
nchi baada ya nchi, kwa wino mwekundu,
tangu mechi ya kwanza ya kriketi ya mataifa,
zama ambazo hapo Mikindani
watu walikuwa bado wanauzwa usiku.

Sheria aliitunga mwenyewe:
Kigoda ni cha aliyekikalia.
Ukikitaka, njoo umng'oe, siku tano, mchana kweupe.
Ukishindwa, rudi kwenu.
Mkitoka sare, aliyekaa amekaa.
Hakuna pointi. Hakuna kamati.
Hakuna kombe la kupigia picha na waziri.

"Na mvua ikinyesha siku ya tano?"
Akalamba ncha ya kalamu.
"Mvua ni mtani wa mwenye kiti."

Na kiti chenyewe kilikuwepo!
Alikichongesha kwa Nampyali, mpingo mtupu,
miguu mitatu, mmoja umezidi kidogo
ili anayekaa asijisahau.
Kwa chini alibandika kikaratasi chenye jina la nchi.
Nilikipima mimi, kwenye mizani ya ghala:
ubingwa wa dunia, kilo nne na robo.

Kriketi yenyewe sijaiona hadi leo.
Niliisikia kwa masafa mafupi, sauti inakuja, inazama,
kama mtu anayeongea huku anatafuna muhogo,
na Chilumba akitufasiria: "Katoka. Wa saba huyo."
Wapagazi wakatua magunia.
Hokororo, asiyejua ova ni mdudu gani,
alikuwa upande wa mwenye kiti, awe nani awe nani.
"Aliyekaa," alisema, "ana sababu zake."

Mwaka ule Rufiji ikafura.
Pantoni ya Ndundu ikafungwa kamba,
na Mtwara tukabaki kisiwa: hakuna sukari, hakuna mafuta ya taa,
hakuna betri duka lolote, kuanzia Shangani mpaka Magomeni.
Siku ya tano, wiketi moja imebaki,
mbio sita zinatafutwa, wingu linasogea huko kwao,
redio ikakata roho.

Chilumba akakibandua kikaratasi.
"Siwezi kuandika nisichokijua."
Siku tatu Kigoda kikakaa hakina mwenyewe.

Hakikukaa. Asubuhi ya kwanza tukamkuta Ausi wa Chuno,
miaka tisa, mama yake mbanguaji,
vidole vyake mwenyewe vimeshaungua mafuta ya korosho.
"Shuka."
"Kilikuwa wazi."
"Shuka, wewe!"
"Njoo uning'oe."

Basi karani akavua miwani.
Debe nyuma ya mtoto, ubao wa kreti mkononi,
mpira ni uzi wa gunia uliofungwa ukakaza.
Chakula cha mchana siku tatu hakikuliwa.
Alirusha Chilumba, akarusha Hokororo, nikarusha na mimi,
kanga nimeifunga kiunoni.
Debe halikulia hata mara moja.

Siku ya nne lori likafika, na betri, na gazeti lenye madoa ya samli.
Sare. Mvua ilikuwa imenyesha huko nako.
Aliyekaa amekaa.
Chilumba akabandika upya jina lilelile,
akaingia ofisini, akafunga mlango muda mrefu kuliko kawaida.

Daftari ninalo mimi sasa.
Mkaguzi wa juzi, kijana wa Dar, aliligeuza,
akapitisha kidole kwenye wekundu wote ule
hadi kwenye mstari mmoja wa penseli, kati ya nchi na nchi ileile:
Ausi, Chuno. Hakung'olewa.

"Mama, hii ni nini?"
Nikamwambia ni deni.
Mwenyewe yuko bandarini, anaendesha winchi,
na bado hajatokea mtu.